Hadubini ya karatasi katika somo la stomata: tathmini ya mwalimu wa Biolojia

Ndiyo, Foldscope, hadubini ya karatasi ya kukunja, inaonesha stomata, yaani vile vitundu vidogo vya kwenye ngozi ya jani. Hilo ndilo swali la kwanza ninaloulizwa na walimu wenzangu wakisikia kwamba nafundishia hadubini ya karatasi, na wana haki ya kuuliza, kwa sababu ukikishika kifaa chenyewe mkononi hakifanani na kitu cha maabara. Chukua jani la kongwa, lile gugu la maua ya buluu linaloota kando ya mabomba ya maji hapa Muheza, mkoani Tanga. Lichune ngozi yake ya chini, iweke kwenye slaidi yenye tone la maji, funika, pachika, elekeza dirishani. Utaziona stomata zimetawanyika kote, kila moja imekumbatiwa na seli linzi mbili zilizopinda kama harage, na ndani ya seli hizo utauona ukijani ambao seli za jirani hazina. Mwanafunzi hahitaji kuoneshwa kipi ni kipi.

Nafundisha kidato cha tano na cha sita, michepuo ya PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) na CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia), katika shule ya bweni. Maabara yetu ina hadubini za kioo na chuma, nzuri kabisa, ila ni chache na darasa ni kubwa. Mwalimu wa shule ya serikali anaijua foleni yake. Mmoja anachungulia, wengine wote wanasubiri. Anayechungulia hajawahi hata kuyazoesha macho yake kwenye ule mwanga, ameshaguswa bega apishe. Akirudi mezani anachora anachokikumbuka kutoka kitabuni. Nilikuwa nalijua hilo kwa kuangalia michoro tu: kila daftari lilikuwa na stomata moja kubwa katikati ya ukurasa, imeachama, yenye seli linzi mbili zilizolingana kwa unyoofu wa bikari, ilhali kwenye slaidi niliyoitega zilikuwamo stomata kadhaa, nyingi zimefumba, nyingine zimeelekea kushoto na nyingine kulia. Walikuwa wanachora kitabu. Jani walikuwa hawajaliona.

Ndiyo sababu nilimwomba shemeji yangu, alipokuwa anarudi likizo kutoka Marekani, aniletee seti ya darasa. Sijui mtu yeyote katika kampuni hiyo na sijalipwa kuandika haya.

Kifaa kilibuniwa na Manu Prakash pamoja na mwanafunzi wake Jim Cybulski katika Chuo Kikuu cha Stanford, na maelezo yake ya kisayansi yalichapishwa mwaka 2014. Walitaka hadubini ambayo vipande vyake vyote vinagharimu chini ya dola moja kuviunda. Inakuja ikiwa karatasi bapa, unachomoa vipande na kuvikunja kwa kufuata maelekezo, kisha unapachika lenzi. Karatasi yenyewe haiogopi maji na haichaniki kirahisi. Lenzi ni moja, ndogo sana, na udogo huo ndio siri yake, maana lenzi moja inavyozidi kuwa ndogo na kuvimba ndivyo inavyokuza zaidi. Antonie van Leeuwenhoek wa Delft aliona viumbe vya kwenye maji katika karne ya 17 kwa njia hiyo hiyo ya lenzi moja iliyoshikwa karibu kabisa na jicho. Foldscope inakuza mara 140 na inaweza kutenganisha vitu vilivyoachana kwa mikroni 2, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Stomata kwa kawaida zina urefu wa kati ya mikroni 10 na 80. Ukiziweka hesabu hizo mbili pamoja unaelewa kwa nini kifaa hiki na somo hili vimeendana.

Niliwaachia wanafunzi wakunje wenyewe, katika vipindi viwili mfululizo. Nakushauri ufanye hivyo hivyo, usiwakunjie. Aliyekunja hadubini yake anajua lenzi iko wapi, slaidi inapita wapi, na kwa nini akisukuma ule mkunjo wa pembeni picha inakuwa safi au inafifia. Kila mmoja akaandika jina lake kwa kalamu ya wino mzito. Sijawahi kuona vifaa vya shule vikitunzwa kama hivi vilivyoandikwa majina.

Tofauti ilionekana siku ya kwanza ya kuchora. Binti mmoja wa CBG aliinua mkono akauliza, "Madamu, za kwangu zilizo wazi ni mbili tu, zilizobaki zimefumba. Niandike hivyo hivyo?"

"Andika unachokiona, mwanangu."

Swali lile ndilo nililokuwa nalingoja tangu nianze kufundisha mada hii. Mtu hawezi kuuliza kwa nini stomata zimefumba kama hajaziona zimefumba. Akishauliza, somo zima la transpiresheni, yaani mmea kupoteza maji hewani kupitia majani, linafunguka lenyewe, kwa sababu jibu lake ni biashara ngumu inayofanywa na mmea mchana kutwa: kufungua ili kaboni dayoksaidi iingie, na kwa mlango huo huo maji yatoke. Zaidi ya asilimia 90 ya maji yanayonyonywa na mizizi huishia hewani kwa njia ya majani. Kiasi kinachobaki kujenga mwili wa mmea ni kidogo mno. Namba hiyo nilikuwa naisema kila mwaka na wanafunzi wanaiandika bila kuinua kichwa. Siku hizi wananibishia. Wanataka ushahidi, na ninao wa kuwaonesha.

Kuhusu maandalizi ya jani, wengi watakushauri kutumia kuteksi. Inafaa, ila ina masharti. Nunua ile isiyo na rangi, isiyo na pambo. Paka tabaka jembamba upande wa chini wa jani, acha ikauke kabisa, bandika selotepu angavu juu yake, kandamiza kwa kucha, kisha vuta. Ule utando unaotoka na selotepu umebeba alama ya uso wa jani, na unaubandika moja kwa moja kwenye slaidi. Uzuri wake ni kwamba alama haifi: unaweza kuchukua moja asubuhi, nyingine saa saba mchana, nyingine jioni, kutoka mti ule ule, na kuzilinganisha wiki nzima. Ubaya wake ni kwamba kwenye hadubini ya karatasi alama ya kuteksi huwa hafifu kuliko ngozi halisi ya jani, kwa sababu haina rangi wala haina kitu ndani. Inabidi ugeuzegeuze kifaa upate mwanga wa ubavuni. Na wakati wa masika, hewa ikiwa imejaa maji, kuteksi za bei rahisi hubaki zinanata na hazivutiki. Kwa wakati huo tumia kongwa tu. Tumelipanda nyuma ya maabara, kwenye maji ya sinki, ili kiangazi kisitukoseshe, maana jani lililonyauka ngozi yake haichuniki vizuri.

Majani niliyoyapenda zaidi baada ya kongwa ni ya mahindi. Stomata zake ziko pande zote mbili za jani, zimejipanga kwa mistari, na seli zake linzi hazijapinda: ni nyembamba katikati na nene kwenye ncha zote mbili. Mwanafunzi aliyezoea umbo la kongwa anashtuka, na mshtuko huo unamfundisha tofauti ya jamii za mimea kuliko jedwali lolote ubaoni. Mwembe una stomata upande wa chini. Yungiyungi, ukilipata bwawani, lina zake upande wa juu, na huhitaji kueleza sana kwa nini, kwa vile upande wa chini umelala majini. Mchungwa, ambao ndio mti wa wilaya hii na kila mtoto anao nyumbani kwao, ulinipa taabu. Stomata zake ziko chini, lakini ni ndogo na zimebanana mno. Kwa mara 140 unaziona kama vitone, wala huwezi kusema kwa uhakika ipi imefunguka. Hapo ndipo hadubini ya karatasi inapofika mwisho wake.

Kwa hiyo usitupe za kioo. Kazi ya kuhesabu kwa milimita ya mraba bado ni ya kwao. Sisi tunafanya hivi: tunaweka rula angavu chini ya lenzi ndogo kabisa, ile ya mara 4, tunapima upana wa duara linaloonekana. Kwenye hadubini zetu ni milimita 4.5. Ukihamia lenzi ya mara 40, duara linapungua mara kumi, linakuwa milimita 0.45, na eneo lake ni kama milimita za mraba 0.16. Ukihesabu stomata 20 ndani ya duara hilo, una takriban 126 kwa kila milimita ya mraba. Mimea mingi huangukia kati ya 50 na 300, kwa hiyo mwanafunzi aliyepata 9 au 4,000 anajua arudi kuhesabu. Lakini kama swali ni upande upi wa jani una stomata nyingi zaidi, huna haja ya eneo hata kidogo: hesabu juu, hesabu chini, kwa kifaa kile kile, gawanya. Hilo Foldscope inalifanya vizuri sana, na darasa zima linalifanya kwa wakati mmoja. Tunakusanya namba zote ubaoni, na hapo wanaona kwa macho yao kwa nini hesabu ya mtu mmoja haitoshi.

Ninaipa nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano inazuiwa na mambo ambayo yako kwenye ubunifu wenyewe, si uzembe wa mtu. Ukuzaji ni mmoja, huongezi wala hupunguzi. Jicho lazima liwe karibu sana, na mwenye miwani anapata shida. Mkono ukitikisika, jani linatikisika. La nne ndilo linaloniumiza kama mwalimu: sioni anachokiona mwanafunzi. Kwenye hadubini ya kioo ninaweza kuweka jicho langu baada ya lake na picha ikabaki pale pale. Kwenye hii, akinipa tu, imeshasogea. Dawa yake ni simu. Kifaa kinakuja na sumaku ya kuinasisha kwenye kamera, na ukishafanya hivyo unapata picha, video, hata kuikuza zaidi kwenye skrini. Wanafunzi wa shule zetu hawaruhusiwi simu, kwa hiyo inatumika yangu, tunaiunganisha na projekta umeme ukiwepo. Umeme usipokuwepo tunaendelea, maana kifaa kinatumia mwanga wa mchana. Na hapa nakusihi mwalimu mwenzangu: waambie watoto kabla hujawagawia, uwarudie tena, wasielekeze lenzi kwenye jua. Dirisha, ukuta mweupe, anga upande usio na jua, hivyo vinatosha. Jua kupitia lenzi linaharibu jicho.

Jaribio linalostahili muda kuliko yote ni la chumvi. Chuna ngozi ya kongwa asubuhi, jani likiwa limekaa juani, iweke kwenye maji ya kawaida, tazama. Stomata nyingi zimefunguka. Kisha weka tone la maji ya chumvi ukingoni mwa kifuniko cha slaidi na unyonye upande wa pili kwa kipande cha karatasi ya chooni, ili chumvi ivutwe ipite chini yake. Zinafumba mbele ya macho yako. Seli linzi zinapopoteza maji zinalegea, na tundu linajiziba. Ndani ya mmea hai haifanyiki kwa chumvi ya jikoni. Seli linzi huvuta ioni za potasiamu ndani, maji yakafuata, zikajaa, na kwa jinsi kuta zake zilivyofumwa zikapinda na kuachana. Ukame ukija, homoni iitwayo asidi ya abisisiki inaziamuru ziachie potasiamu, na mlango unafungwa. Mambo ya namna hii nilikuwa nikiyachora kwa mishale ubaoni. Sasa yanakuja baada ya tone la chumvi, na mishale inapata pa kukaa.

Fundi sanifu wetu wa maabara, mzee aliyeanza kazi kabla sijaingia chuo, alikuwa na mashaka na makaratasi yangu. Alipoona jaribio la chumvi aliomba kifaa akakaa nacho dirishani mpaka kengele. Baadaye akaniambia, "Mwalimu, hiki kifaa kingekuwepo zamani, ningekuwa nimevunjiwa vioo vichache." Kwake yeye, mtu anayesaini kila kilichovunjika, hiyo ni sifa kubwa.

Sasa kuhusu potometa, kifaa cha kupimia maji yanayonyonywa na tawi lililokatwa, kwa kuwa huwezi kufundisha stomata ukaacha kupima maji yanayopotea. Shule ilinunua moja ya kioo kutoka duka la vifaa vya maabara jijini. Ni ile ya muundo wa Ganong, mwanabotania wa Kanada, yenye mrija mwembamba wa kulala, alama za milimita, na birika dogo lenye koki. Kwa macho inapendeza. Koki yake ilivuja tangu ilipotoka kwenye boksi, na duka halikutaka kuipokea tena. Hata ingekuwa nzima, ni moja, ni ya kioo, na darasa zima linaizunguka kutazama kiputo cha hewa kikitambaa ndani ya mrija. Ni foleni ile ile ninayoipiga vita.

Kwa hiyo kwa potometa ushauri wangu ni kinyume: usinunue, tengeneza. Nenda duka la dawa, nunua mrija wa dripu na bomba la sindano la mililita 1 ambalo halijatumika. Sindano yenyewe usiichukue, na mtambo wa kusukuma uutoe. Kata tawi changa lenye majani chini ya maji, kwenye ndoo, kwa mkato wa mshazari, na usiuruhusu mkato huo kuona hewa hata sekunde moja baada ya hapo. Hewa ikiingia kwenye zailemu, ile mirija inayopandisha maji ndani ya mmea, uzi wa maji unakatika na tawi halinyonyi tena. Lichomeke kwenye mrija ukiwa bado majini, paka vaselini penye maungio, bomba libaki limejaa maji upande wa pili. Futa majani yakauke. Bomba lina alama za mililita 0.01, unasoma maji yanavyoshuka kwa dakika kumi kumi. Tawi zuri kwenye upepo linaweza kunywa mililita 0.04 kwa muda huo. Kila kundi linakuwa na lake, na likiharibika hakuna anayelia.

Jambo moja ni lazima usisitize, kwa sababu wanafunzi hulisahau kwenye majibu yao: potometa inapima maji yanayoingia kwenye tawi. Yanayotoka ni karibu sawa na hayo, si sawa kabisa, kwa vile sehemu ndogo inabaki kwenye seli na kutumika. Anayetaka kupima yanayotoka apime uzito. Stephen Hales wa Uingereza alifanya hivyo mwaka 1724: alichukua alizeti ndani ya chungu, akaziba mdomo wa chungu kwa bati jembamba la madini ya risasi ili udongo usipoteze maji, akaupima mmea asubuhi na jioni kwa siku kadhaa. Mizani na chungu, basi. Sisi tunafanya kwa miche ya mchicha na karatasi ya kufungia mkate iliyofungwa kuzunguka udongo, na mizani ya kidijitali ya maabara ya kemia. Ni jaribio la polepole, lakini wanafunzi wa bweni wanayo mizani jirani na wana asubuhi na jioni. Na ukiwauliza nani anayasukuma maji hayo mpaka juu, wengi husema mizizi. Hapo unawarudisha kwenye nadharia ya Dixon na Joly ya mwaka 1894: jani likipoteza maji linavuta, na molekuli za maji, kwa kushikana zenyewe kwa zenyewe, zinavutwa kama uzi mmoja mpaka mizizini. Mvuto huo unaanzia kwenye zile stomata walizoziona jana.

Sisi wa Tanga tuna bahati ya hali ya hewa ambayo vitabu vya nje havina. Wakati wa kaskazi, Januari na Februari, upepo mkavu kidogo na jua kali, maji kwenye bomba yanashuka unayaona. Ikifika Aprili, mvua za masika zinanyesha na hewa imejaa unyevu, tawi la mti ule ule linanywa kwa kusitasita. Nimewafanya wanafunzi wa kidato cha tano waweke kumbukumbu zao na kuzibeba mpaka kidato cha sita, wakachora grafu moja ya misimu yote. Sijui jaribio lingine la sekondari linaloifanya hali ya hewa ya mahali fulani ionekane hivyo kwenye karatasi.

Karatasi za kobalti kloridi nazo nimezitumia sana: buluu zikiwa kavu, waridi zikipata unyevu. Ukizibandika juu na chini ya jani la mwembe kwa selotepu angavu, ya chini inageuka mapema. Zinafanya kazi yake vizuri, ila kobalti kloridi ni sumu. Zishikwe kwa kibano, mikono ioshwe, na asiachiwe mwanafunzi kuzikatakata akavuta vumbi lake.

Nilizipenda zaidi kwenye mkonge. Mkonge uliletwa pwani hii mwaka 1893 na Richard Hindorf, Mjerumani, kutoka Florida, na mimea 62 tu ndiyo iliyosalimika safarini. Mashamba yote yaliyoufanya mkoa huu ujulikane yalitoka hapo. Watoto wetu wengi ni wajukuu wa wakata mkonge, wanajua singa zake, wanajua miiba yake, lakini hawajawahi kuambiwa kwamba mmea huo hufunga stomata zake mchana na kuzifungua usiku. Mimea ya maeneo makavu ya aina yake, nanasi likiwemo, huchukua kaboni dayoksaidi gizani, ikaihifadhi kama asidi, na kuitumia jua likichomoza. Hadubini ya karatasi haikusaidia sana hapa. Jani lina nta nene na stomata zimezama ndani, kuteksi haizifikii. Kwa hiyo tulibandika kobalti mchana saa sita, na tukabandika nyingine wakati wa prepu ya usiku, kwenye mkonge wa uzio wa shule. Ile ya usiku ilianza kugeuka waridi kabla ya mwenzake wa mchana. Kijana mmoja alisema babu yake alikata mkonge maisha yake yote Ngomeni na angependa kumwambia. Nikamruhusu achukue karatasi zote mbili aende nazo likizo, zimebandikwa kwenye daftari na kuandikwa saa.

Kwa utunzaji: lenzi za hadubini zetu za kioo huota ukungu kwa unyevu wa huku, na kila kabati lina vifuko vya silika jeli tulivyovikusanya kwenye maboksi ya viatu. Za karatasi zinakaa kwenye bahasha ndani ya kabati hilo hilo. Mpaka sasa karatasi iko imara. Kinachochafuka ni lenzi, kwa maji ya majani na kwa vidole, na inasafishwa kwa pamba yenye maji kidogo kisha inaachwa ikauke yenyewe.

Ukiagiza, agiza seti ya darasa, usiagize moja moja, kwa kuwa faida yote ya kifaa hiki iko kwenye wingi wake. Uliza gharama za usafirishaji na ushuru kabla ya kulipa, maana hizo ndizo zinazopandisha bei mpaka mkuu wa shule anakunja uso. Slaidi za kioo na vibano nunua hapa nchini. Vifuniko vya slaidi nunua maboksi mawili badala ya moja, kwa sababu darasa zima likifanya jaribio la chumvi kwa mkupuo, vinavunjika.